Jina Kwenye Mkono wa Fundi Sabiti

Mwahija alianza kwa kusoma kiberiti.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, anataka kuwasha mkaa. Akakigeuza kile kiberiti mkononi, akakitazama, na herufi zikamjia zenyewe, moja baada ya nyingine, kama kuku walioitwa kula mtama. Alicheka peke yake. Siku hiyo chai ilichelewa.

Baada ya kiberiti alisoma gunia la unga. Akasoma ubao wa duka la ushirika, ulioandikwa kwamba sabuni hakuna. Kisha akasoma khanga aliyokuwa akiivaa miaka mingi, sokoni na misibani. Alipomaliza aliikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku.

"Kumbe nilikuwa nawatukana watu," alimwambia mumewe.

"Si uliichagua mwenyewe?"

"Nani? Wewe ndiye uliyeninunulia, Baba Mwamvua!"

Wakacheka wote wawili.

Mwahija alikuwa akienda darasa la watu wazima kila alasiri, mtaani kwao Ngokolo, mjini Shinyanga. Mwalimu wao aliitwa Esta. Mumewe, Sabiti, alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye baraza la duka karibu na soko. Walikuwa na mtoto mmoja, Mwamvua, aliyekuwa bado hajaanza shule. Kazi ya mkono wa Sabiti ndiyo iliyowalisha wote watatu.

Jioni moja, kabla ya sala ya magharibi, Mwahija alikuwa akimmiminia mumewe maji ya udhu kwa kopo. Hiyo ilikuwa desturi yao tangu waoane. Sabiti alikunja mikono ya kanzu hadi viwikoni. Ndani ya mkono wake wa kulia, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na alama ya buluu iliyochanjwa kwa sindano. Haikuwa kubwa. Urefu wake haukuzidi kidole.

Mwahija aliijua alama ile kama anavyojua ufa wa mtungi wake. Zamani aliuliza, naye Sabiti akajibu, "Ni alama ya duara letu, kule machimboni Rwamgasa." Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Basi, Mwahija hakuuliza tena.

Jioni ile aliitazama, na herufi zikamjia.

"Gha," alisema Mwahija. "Ti."

Maji yaliendelea kumwagika. Sabiti hakuusogeza mkono.

"Umesema nini?"

"Sijasema. Nimesoma. Ghati. Ghati ni nani?"

"Wakati wa sala unapita, Mama Mwamvua."

"Kasali," alisema Mwahija. "Nitakungoja."

Sabiti alisali. Siku hiyo alikaa sana kwenye mkeka. Alipoinuka alimkuta mkewe ameketi palepale, kopo liko mapajani.

"Alikuwa mpishi wa kambi," Sabiti alisema. "Mwenyeji wa Mara. Nilikuwa kijana, bado sijakujua wewe. Nilitaka kumwoa."

"Ndiyo ukajichora jina lake?"

"Kule kulikuwa na mtindo. Mashimo yalikuwa yakiporomoka, na wengi hatukuwa na ndugu pale. Basi kila mtu alichanjwa jina la yule wa kupelekewa habari. Sindano tatu zilifungwa pamoja, zikachovywa kwenye masizi ya taa. Ukifukiwa na kifusi, ukatolewa uso haujulikani, wenzako wanasoma mkono."

"Na yeye yuko wapi?"

"Aliolewa na dereva wa lori. Wakaenda zao Musoma. Mimi nikabaki na mkono wangu."

Mwahija alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo ukifa leo, habari zipelekwe Musoma."

Sabiti alishusha mkono wa kanzu, akaifunika alama.

"Kupenda mtu zamani si kosa," Mwahija alisema. "Ila uliniambia ni alama, na ilikuwa jina. Ulijua kwamba sijui kusoma."

Hakupiga kelele, wala hakwenda kwa wazazi wake. Lakini kesho yake, saa ya magharibi, alimwekea mumewe ndoo ya maji, akaweka na kopo kando yake, akaenda zake jikoni. Sabiti akajimiminia mwenyewe. Na siku iliyofuata ikawa hivyohivyo.

Jambo lile lilimuuma Sabiti kuliko matusi. Alimwendea Shehe Muhidini, akamwuliza kama sala zake zilikuwa sahihi na mkono ule. Shehe akamwambia, "Wewe umekwisha kutubu. Maji ya udhu yanafika kwenye ngozi. Sali, na usijidhuru kwa ajili ya jambo hilo." Sabiti alishukuru. Lakini alipopita uani na kuiona ile ndoo na kopo lake, alitamani jina lile litoke leo hii.

*

Wiki hiyo alifika mjini Bujiku, rafiki yake wa machimboni. Bujiku bado alikuwa akichimba Rwamgasa. Alikuja na suruali imechanika gotini, na kicheko chake kilisikika kabla hajaonekana.

"Mwangaluka, fundi!" alimsalimu kwa Kisukuma. "Bebe, wewe, mbona umenuna kama umemeza pini?"

Sabiti akamweleza yote. Bujiku akashika kiuno.

"Hilo tu? Wewe si ulikuwa mchenjuaji, ukiosha mchanga wa dhahabu? Dhahabu tunaikamata kwa nini?"

"Kwa zebaki."

"Haya. Lile vumbi la dhahabu limejificha kwenye mchanga mweusi, hata jicho halilioni. Zebaki ikipita, inalikusanya lote. Sasa masizi kidogo ya taa yataishinda zebaki?"

Sabiti aliutazama mkono wake. Aliijua kazi ile. Mara nyingi alikuwa amesugua mchanga na zebaki ndani ya karai, akaona dhahabu ikinaswa. Maneno ya Bujiku yalimwingia.

Walikwenda nyuma ya duka. Bujiku alikwangua ngozi kwa wembe mpaka damu ikachuruzika. Akamimina zebaki kutoka kwenye kichupa, akasugua kwa kidole gumba. Sabiti aliuma kola ya shati. Machozi yalimtoka.

"Vumilia, bebe. Inakamata hiyo!"

Kisha Bujiku alifunga mkono kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akakaza. "Usifungue upesi. Ikishindikana, tutachoma kwa kijiko cha moto." Akamwachia kichupa chenye zebaki iliyobaki, akarudi zake Rwamgasa.

Sabiti alivaa shati la mikono mirefu. Nyumbani hakusema neno.

Lakini Mwahija alikuwa na macho. Aliona mumewe amelala na shati. Aliona sare alizoleta nyumbani kutia vifungo zina mishono inayopinda, na Sabiti hakuwa fundi wa mishono ya kupinda. Asubuhi moja akampa uji. Sabiti akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akanywa kwa mkono wa kushoto.

Mwahija akaweka mwiko chini. Mtu huyu alikuwa akimkaripia Mwamvua kila alipogusa chakula kwa kushoto.

"Nionyeshe mkono wako, Baba Mwamvua."

"Umeteguka kidogo tu."

"Nionyeshe."

Akakunja shati. Mkono ulikuwa umevimba kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. Ngozi ilikuwa nyekundu, inang'aa. Kidonda kilitoa usaha na harufu. Mwahija akamwambia afumbe ngumi. Vidole havikufumba.

"Mikasi unashikaje?"

"Sishiki," alisema Sabiti kwa sauti ndogo. "Tangu juzi sishiki."

Mwahija aliushusha mkono ule taratibu. Aliwaza sare za watu zilizojaa barazani. Aliwaza mtoto. Akavuta pumzi, akasema, "Jina nilikwisha kulisamehe. Kufichwa ndiko kunakonichosha. Inuka twende kwa Mama Selestine."

*

Mama Selestine, jina lake Paskalina, alikuwa muuguzi wa hospitali ya mkoa. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa. Walimkuta anaanika nguo.

"Hodi, Mama Selestine. Shikamoo."

"Marahaba, karibuni. Mbona mapema na..." Akauona mkono. Akaacha nguo. "Nani amekufanyia hivi?"

Sabiti alieleza, na alipofika kwenye zebaki aliinamisha kichwa. Paskalina alikata ule mpira polepole kwa mikasi. Sabiti akaguna.

"Vidole vimekufa ganzi?"

"Vinawasha na kuchoma kama pilipili."

"Damu ilikuwa haipiti vizuri. Kitu cha kukaza namna hii kinaweza kuua mkono mzima." Akamtazama usoni. "Fundi, hebu nikuulize. Zebaki inakamata nini?"

"Dhahabu."

"Na nini tena?"

"Fedha. Shaba pia."

"Yote hayo ni madini. Masizi ni madini?"

Sabiti akafikiri. "Hapana. Ni moshi ulioganda."

"Basi zebaki haina habari nayo. Sasa sikiliza. Ngozi yako ni kama koti lenye bitana. Wino haukukaa juu ya koti. Sindano iliupeleka ndani, katikati ya kitambaa na bitana, na mwili ukaushika humo. Ukikwangua juu, unaharibu koti tu. Zebaki nayo ni sumu. Ukiipitisha kwenye kidonda, umeikaribisha mwilini. Ukiichoma, moshi wake huuoni, lakini unaharibu mapafu, figo na akili. Watoto ndio huumia zaidi."

Mwahija akashtuka. "Iko wapi iliyobaki?"

"Kabatini," alisema Sabiti. "Pale kwenye vijiko."

Mwahija hakungoja. Alirudi nyumbani mbio. Kichupa kilikuwa palepale, kimefungwa, kando ya kijiko cha Mwamvua. Alikileta amekishika kwa kitambaa.

"Vizuri, hakijamwagika," alisema Paskalina. "Hiki hakitupwi chooni wala kwenye moto. Kingemwagika, msingefagia, maana ufagio unaitawanya. Mngefungua milango, mkawatoa watoto nje, mkaja kuniita. Nitakipeleka hospitali. Na wewe, fundi, tunakwenda sasa hivi. Usaha hausubiri."

Hospitalini walikiosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Wakatoa chembe za zebaki zilizoonekana. Wakamchoma sindano ya pepopunda na sindano za kuua vijidudu. Aliendelea kwenda kila siku mpaka usaha ukakauka. Daktari alimwambia, "Ungekaa wiki nyingine, tungekuwa tunazungumza habari ya kukata mkono." Sabiti aliyasikia maneno hayo, na usiku huo hakupata usingizi.

Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Vidole vilirudi polepole. Na bandeji ya mwisho ilipotoka, Mwahija aliuinua mkono kwenye mwanga, akausoma.

"Gha-ti," alisema. "Halijatoka hata nusu ya herufi."

Sabiti akamtazama kwa woga. Kisha akaona mabega ya mkewe yanatikisika. Alikuwa akicheka. Sabiti naye akacheka. Jioni ile Mwahija alichukua kopo, akammiminia maji ya udhu.

"Ukitaka, liache," alimwambia. "Sasa najua ni nini. Halinidhuru tena."

Sabiti alikaa na maneno hayo siku kadhaa. Halafu akasema, "Wewe hulioni tena. Mimi ndiye ninayeliona. Kila nikishika kitambaa, linanitazama. Nataka litoke, ila safari hii kwa njia ya haki, na wewe ukijua."

*

Daktari wa upasuaji aliitwa Valerian. Aliongea taratibu. Alimkalisha Sabiti, akauliza swali ambalo Sabiti hakulitarajia.

"Mkeo ndiye aliyekutuma?"

"Hapana. Yeye amesema liache."

"Vizuri. Alama isiyokuumiza, unaweza kuzeeka nayo, haitakuua. Watu wengi nawaambia waache. Wewe ukiamua litoke, nitakuambia ukweli. Hakuna dawa ya kupaka itakayolifuta. Maji ya betri, magadi, pasi ya moto, vyote vinaunguza tu. Mimi nitaikata ngozi yenye jina, kisha nitashona. Jina litaondoka, kovu litabaki. Sitakudanganya kwamba mkono utakuwa kama wa mtoto mchanga."

Akaibana ile ngozi kwa vidole viwili, akaiachia, akaibana tena.

"Unapima kama kitambaa kitatosha," alisema Sabiti.

Daktari akacheka. "Hasa! Kingo zikikutana bila kuvutana, nakata. Jina lingekuwa kubwa, ningekata kidogo, nikangoja ngozi ilegee, nikarudia. Lako ni dogo. Kitambaa kinatosha."

"Nitaumwa?"

"Utaumwa kidogo, na nitakuambia lini. Maumivu unayoyajua yanavumilika kuliko yale yanayokuvizia."

Siku ya kukatwa Sabiti alikula uji vizuri, kama alivyoagizwa. Mwahija aliketi kwenye benchi nje, akavuta tasbihi. Ndani, Paskalina alimlaza Sabiti na kuusafisha mkono.

"Sasa ndiyo kuumwa kwenyewe," alisema daktari. "Ni sindano ya ganzi. Itachoma kama nyuki, halafu dawa itawaka kidogo. Usizuie pumzi. Vuta polepole, toa polepole."

Sabiti alivuta pumzi. Aliposhusha pumzi alimwita Mola moyoni, Ya Latifu. Sindano ilichoma. Iliwaka. Kabla hajamaliza kusema mara ya kumi, mkono ukawa kama si wake.

Daktari akamgusa kwa ncha ya chuma. "Unasikia nini?"

"Nasikia unanigusa. Siumwi."

"Utasikia kusukumwa na kuvutwa. Hiyo ni kawaida. Ukisikia ukali, sema hapohapo, nitaongeza ganzi. Hapa hakuna zawadi ya kunyamaza."

Katikati ya kazi Sabiti akasema, "Hapo! Upande wa kiwiko, ni kali." Daktari akasimama, akaongeza dawa, akangoja. Ukali ukaisha. Sabiti alikumbuka jinsi alivyouma kola nyuma ya duka, akaona alivyokuwa mjinga.

Daktari alipoanza kushona, Paskalina alimwambia Sabiti ageuze uso. Sabiti akakataa.

"Acha nione kazi ya mwenzangu." Akatazama kwa makini. "Daktari, mbona unafunga fundo kila mshono? Hutumii uzi mmoja mpaka mwisho?"

"Uzi mmoja ukikatika mahali, mshono wote unafumuka. Hivi, ukikatika mmoja, mingine inashika."

"Aah. Mshono umelala vizuri. Ila mafundo yako ni makubwa, sisi yangetuaibisha."

"Ukija kunishonea suruali nitakukagua na mimi," alisema daktari, na Paskalina akacheka mpaka barakoa ikateleza.

*

Kabla hawajaondoka, Paskalina aliwakalisha wote wawili.

"Sasa hivi haumwi, anajiona simba," alisema. "Ganzi itaisha jioni. Msingoje maumivu yapande. Ameze vidonge vya kwanza mkifika nyumbani, akiisha kula. Mkono aulaze juu ya mito, uwe juu kuliko kifua. Ukining'inia, damu inashuka na kidonda kinapwita. Bandeji isilowe, na isikazwe. Cherehani apumzike mpaka nyuzi zitoke."

"Na udhu?" aliuliza Mwahija.

"Hilo sijui, dada yangu. Mimi ninachojua ni kwamba maji yasifike kwenye kidonda."

Njiani walimpitia Shehe Muhidini. Akawaambia, "Ataosha viungo vingine kama kawaida. Juu ya bandeji atapangusa tu kwa kiganja kilicholowa kidogo. Dini haikuletwa kuozesha vidonda." Mwahija aliporudi alifunga mfuko wa nailoni juu ya bandeji, kisha yeye mwenyewe akapangusa maji ya ziada kiganjani mwa mumewe, asije akazidisha maji.

Jioni ganzi ikaisha. Mkono ulianza kupwita kama ngoma ya mbali, halafu ngoma ikasogea.

"Mama Mwamvua, nipe vidonge."

"Umemeza alasiri. Bado."

"Basi nipe vinne kwa mpigo, niumalize mchezo. Na kile kidonge nilichonunua dukani mkono ulipovimba, changanya humo."

Mwahija alichukua bahasha ya dawa. Akasogea kwenye taa. Alisoma polepole, kidole chini ya herufi.

"Vi-wi-li. Ma-ra ta-tu kwa si-ku. Ba-a-da ya ku-la." Akainua uso. "Hapa hapakuandikwa vinne. Mama Selestine amesema ukizidisha unaharibu ini, na kile cha dukani huenda ni dawa ileile kwa jina jingine. Wewe si fundi? Mteja akikupa kipimo, unaongeza unavyotaka?"

Sabiti aliitazama ile bahasha. Miezi michache nyuma angesema bahasha imeandikwa vinne, naye mkewe angeamini. Aliwaza hilo, akaona haya.

"Soma tena," alisema. "Nataka kusikia."

Mwahija akasoma tena. Kisha akarekebisha mito, akauinua mkono juu zaidi. Akalowesha kitambaa kwa maji ya mtungi, akakikamua sana, akakiweka juu ya nailoni, kando ya kidonda. Ubaridi ukapenya kidogo kidogo. Akamwambia avute pumzi kama alivyofanya hospitalini. Kisha akaanza kumsomea kitabu cha darasani, habari za mkulima na jembe lake la kukokotwa na ng'ombe. Alisoma kwa kusitasita, akirudia maneno magumu. Sabiti alitaka kujua kama yule ng'ombe alikubali kufungwa nira. Muda wa vidonge ulipofika, alikuwa amesahau kuviulizia.

Kesho yake maumivu yalikuwa madogo. Keshokutwa yakawa madogo zaidi. Mwahija alikagua kila asubuhi, maana Paskalina alikuwa amemwambia: "Maumivu ya kidonda kizuri yanapungua. Yakirudi nyuma na kupanda, au ukiona joto, usaha, harufu, mstari mwekundu unaopanda mkononi, au homa, usiniulize mimi uani. Nenda hospitali." Hakuona hata kimoja. Kidonda kilianza kuwasha, na Sabiti akataka kukikuna. Mwahija alimpiga kofi dogo kidoleni, kama anavyompiga Mwamvua akigusa sukari.

Bujiku alikuja kumwona mgonjwa. Alibisha hodi kwa sauti ndogo ambayo si yake. Alileta asali ndani ya kibuyu.

"Shemeji, nimekosa. Nilidhani najua."

"Hiyo asali ni ya kula au ya kupaka?" aliuliza Mwahija.

"Ya kula, shemeji! Ya kula!" Akakaa. Halafu akakunja shati, akamwonyesha Paskalina, aliyekuwa amekuja kubadili bandeji. Kwenye mkono wake palikuwa na jina, limekunjamana. "Na mimi langu litoke?"

Paskalina akasoma. "Huyu ni nani?"

"Mama yangu."

"Mama yako amekukosea nini? Liache. Ila zile sindano tatu, nasikia mlichanjiana kambi nzima bila hata kuzichemsha. Damu ya mmoja inabeba ugonjwa kwenda kwa mwingine. Mkirudi huko waambie vijana wasichanjane tena. Na zebaki msichomee ndani ya nyumba za kulala."

"Nitawaambia," alisema Bujiku. "Wakinicheka, nitawaeleza habari ya mkono wa Sabiti."

Nyuzi zilitolewa. Mahali pa jina pakabaki mstari mmoja mwembamba, mwekundu, ambao siku zilivyopita uligeuka rangi ya ngozi. Sabiti alifumba ngumi, akafumbua. Alishika mikasi, akakata hewa. Kisha akarudi barazani, na sare za watu zikaanza kutoka na mishono iliyonyooka.

Kazi ya kwanza aliyoileta nyumbani haikuwa sare. Ulikuwa mfuko wa kitambaa kigumu cha khaki, wenye mkanda wa kuvaa begani. Alimpa mkewe, akajifanya anatafuta kitu kabatini.

"Ni wa nini?"

"Wa madaftari yako. Unayabeba kwenye khanga kama mihogo."

Mwahija aligeuza mfuko. Mbele palikuwa na herufi zilizoshonwa kwa uzi wa buluu. Aliweka kidole chini yake, ingawa hakuhitaji tena kidole.

"Mwa-hi-ja," alisoma.

"Jina hili ni la uzi tu," alisema Sabiti, bado uso uko kabatini. "Mtu akilichoka, anafumua kwa wembe. Hakuna haja ya ganzi."

Mwahija akavaa mkanda begani. Akachukua kopo lililokuwa kando ya ndoo, maana jua lilikuwa linazama na magharibi imekaribia.

"Thubutu kulifumua," alisema, "uone kama hutahitaji ganzi. Haya, kunja shati, nikumiminie."